Hesabu ya Chini ya Mlango

Wiki hii nimepata barua ndefu kutoka kwa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye hufanya kazi ya uuguzi katika jimbo la Florida nchini Marekani. Jina lake ameniomba nilisitiri. Nami nimelisitiri pia jina la kampuni iliyomsafirisha, kwani kisa chake si cha kampuni moja. Ni kisa cha bei inayotajwa bila uongo hata wa neno moja, na bado mnunuzi akadanganyika.

Mwaka 2023 mama yake mzazi alikwenda kumtembelea. Bibi huyo aliwalea watoto watano kwa biashara ya nazi sokoni, na katika umri wake wa miaka sabini hakupata kufanya safari isiyokuwa na dharura: ama msiba, ama harusi, ama maradhi. Binti akaazimia kumpa mama yake safari ya kustarehe tu. Huko Florida ndiko zinakong'olea nanga meli nyingi za matembezi ziendazo visiwa vya Karibi. Tangazo aliloliona lilisema: Bahamas, usiku nne, dola 299 kwa kila mtu. Kwa watu wawili ni dola 598. Akadunduliza fedha kwa miezi kadhaa, akamweleza mama bei hiyo, na mama akaridhia.

Sasa na tuitazame hesabu ilivyokwenda. Alipofika kwenye malipo ziliongezwa dola 125 kwa kila mtu, zilizoitwa kodi, ada na gharama za bandari. Hizo ni dola 250. Bakshishi ya watumishi, dola 16 kwa mtu kwa siku, ikawa dola 128. Kuegesha gari bandarini, dola 80. Matembezi ya nchi kavu mjini Nassau, dola 120. Intaneti, picha moja waliyopigwa mlangoni mwa meli na vinywaji vichache, dola 54. Jumla ikafika dola 1,230, yaani zaidi ya mara mbili ya bei iliyotangazwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kilikuwa cha mtu mwingine.

Hata hivyo fedha si jambo lililomchoma zaidi mwandishi wa barua hii. Jioni ya kwanza mama alipoambiwa kwamba chakula, maji na chai vimo katika nauli lakini soda hulipiwa kando, aliacha kabisa kuagiza kitu. Kila mtumishi aliyemkaribia kwa tabasamu alimwona kuwa amekuja na hesabu mkononi. Siku ya tatu alitoa dola 20 katika fedha zake mwenyewe, akaziweka ndani ya bahasha juu ya mto kwa ajili ya kijana aliyekuwa akiwatandikia vitanda, asijue kwamba binti yake alikwisha kutozwa bakshishi ya kijana huyo. "Nilimpeleka mama akapumzike," aandika mwenzetu, "naye akarudi amechoka kwa kuhesabu."

Usiku wa mwisho karatasi ya hesabu ilipenyezwa chini ya mlango. Mama akataka asomewe mstari kwa mstari. Kisha akauliza na gharama zile za bandari zilizolipwa mwanzo zilikuwa za nini, akajibiwa kwamba ndizo za kuingiza meli bandarini. Akasema: "Mwanangu, mimi sokoni nililipa ushuru wa meza kila siku. Sikupata kumwambia mnunuzi kwamba nazi ni bei hii, na ushuru wa meza yangu ni bei ile."

Binti ananiuliza maswali mawili. Je, mama alikuwa na haki? Na je, mambo yamebadilika? Maana sasa shangazi yake naye yuko njiani kwenda kumtembelea, na angependa kumpeleka vilevile.

Kwanza tuwe waadilifu. Meli kubwa haiingii bandarini bure. Kuna rubani wa bandari anayeiongoza, kuna meli ndogo za kuivuta, kuna kodi ya gati, kuna wapakuzi wa mizigo, walinzi, maofisa wa forodha na wa uhamiaji. Juu ya hayo ziko kodi zinazotozwa kwa kila kichwa cha abiria. Serikali ya Marekani hutoza dola 3 kwa abiria wa safari ya usiku mmoja au zaidi. Wapiga kura wa jimbo la Alaska waliamua mwaka 2006 kutoza dola 46, na mwaka 2010 kiasi hicho kikapunguzwa kuwa dola 34 na senti 50. Meksiko ilianza kutoza dola 5 mwezi Julai 2025. Ugiriki nayo, mwaka huohuo, iliweka euro 20 katika msimu wa watalii wengi kwa abiria washukao Santorini na Mykonos.

Mji mdogo unaovamiwa asubuhi moja na maelfu ya wageni una haki ya kudai fedha za maji, vyoo na barabara wanazozitumia wageni hao. Lakini hata mji una mipaka yake. Mwaka 2016 chama cha makampuni ya meli kiliushitaki mji wa Juneau huko Alaska, kwa kulalamika kwamba ada za abiria zilitumiwa hata katika ujenzi wa bustani ya pwani yenye sanamu ya nyangumi. Mwishoni mwa mwaka 2018 mahakama iliamua kwamba mji unaweza kutoza ada, ila fedha hizo zitumike kwa huduma zinazoihusu meli. Kwa ufupi, mwenye kutoza ada aweze kueleza imekwenda wapi.

Kanuni hiyo ni njema, na inafaa iwashike wenye meli kama inavyowashika wenye miji. Katika miaka ya 1990 makampuni mengi nchini Marekani yalitangaza nauli ndogo kwa herufi kubwa, na ada za bandari kwa herufi ndogo. Abiria waliposhitaki, ilidhihirika kwamba sehemu ya fedha zilizokusanywa kwa jina la bandari haikulipwa kwa bandari wala kwa serikali yoyote. Zilibaki kwa kampuni, zikagharimia mambo yake ya kawaida. Mwaka 1997 Mwanasheria Mkuu wa Florida alifikia mapatano na makampuni sita. Yalikubali kwamba kitakachotajwa kando ya nauli ni kile tu kinachokwenda serikalini, na yaliyosalia yote yaingizwe ndani ya bei.

Lakini jina lililofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani. Soma leo mikataba ya baadhi ya makampuni, utaona fungu liitwalo kodi, ada na gharama za bandari. Maneno mawili ya kwanza ni ya serikali. Neno la mwisho laweza kubeba rubani, gati na hata wachukuzi wa mizigo, yaani matumizi ya biashara yenyewe, mithili ya ile meza ya nazi sokoni. Vivyo hivyo mafuta. Bei ya mafuta ilipopanda, makampuni yaliongeza ada ya mafuta hata kwa wateja waliokwisha kufunga mapatano. Florida iliingilia tena, na mwaka 2008 Carnival na Royal Caribbean zikakubali kuwarudishia wateja wa namna hiyo fedha zao.

Kwa nini basi wasiseme bei nzima tangu mwanzo? Sababu ni nyepesi. Mnunuzi hulinganisha tarakimu ya kwanza anayoiona. Kampuni moja ikitangaza dola 424 zilizo kamili na jirani yake ikatangaza dola 299 zilizo nusu, watu watakimbilia kwa jirani, ijapokuwa mwisho wa safari watakuwa wamelipa sawa au zaidi. Kwa hiyo mkweli huadhibiwa kwa ukweli wake. Penye hali kama hiyo hisani ya mfanyabiashara mmoja haitoshi. Pahitajiwa sheria ya kuwabana wote kwa pamoja.

Hapo ndipo yalipo mabadiliko anayoyauliza mwenzetu. Tarehe 1 Julai 2024 sheria ya jimbo la California ilianza kutumika, ikataka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima ndani yake. Makampuni makubwa ya meli yaliona ni taabu kutangaza bei mbili, moja ya California na nyingine ya majimbo mengine, yakaanza kuonesha nauli pamoja na kodi, ada na gharama za bandari kwa Marekani nzima. Kwa hiyo mama wa Tanga alikuwa na haki, na sheria imekuja kukubaliana naye mwaka mmoja baada ya safari yake.

Hata hivyo shangazi asishangilie mapema. Bakshishi aghalabu hubaki nje ya bei, na siku hizi katika meli nyingi imefika kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku. Katika meli nyingi abiria anaweza kwenda mapokezi na kuomba iondolewe. Hapo namsihi mwenzetu asifanye hivyo. Meli nyingi za namna hii zimesajiliwa katika nchi kama Bahamas na Panama, na vijana wanaotandika vitanda hutoka Ufilipino, Indonesia, India na kwingineko. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Marekani haiwafikii. Bakshishi kwao si ziada, ni sehemu ya ujira ambayo kampuni imeihamishia kwenye hesabu ya abiria. Atakayeiondoa kwa hasira atamwadhibu mtu ambaye hakuiandika hesabu ile.

Afanye nini basi? Kabla ya kutoa hata senti ya kwanza, aulize maswali manne na ataka majibu yawe kwa maandishi. La kwanza, jumla ya kila kitu kwa watu wawili, tangu kupanda hadi kushuka, bakshishi ikiwamo, ni kiasi gani? La pili, meli ikishindwa kutia nanga katika bandari mojawapo kwa sababu ya bahari kuchafuka, kodi ya bandari hiyo hurudishwa, na hurudishwa kwa fedha taslimu au kwa salio la kutumiwa melini tu? La tatu, bei yaweza kupandishwa baada ya malipo kwa sababu ya mafuta au kodi mpya? La nne, iwapo shangazi ataamua kulala peke yake, chumba ni bei gani? Maana bei za matangazo huhesabiwa kwa watu wawili katika chumba kimoja, na mtu mmoja huenda akatozwa karibu nauli ya wawili.

Kisha, akiwa amekwisha kujua jumla hiyo na ameona anaimudu, alipe na vinywaji vya shangazi mapema, siku ileile anayolipa nauli. Hapo wakipanda ngazi ya meli ataweza kumwambia kwa moyo mweupe: "Shangazi, vyote vimekwisha kulipiwa. Agiza soda yako."

Tukutane tena Jumapili ijayo.