Karudishwa Nyumbani Kwa Sababu ya Shati

Jamani, kuna jambo linanikera tangu Januari na nimeshindwa kulimeza. Leo nalitoa.

Nilikuwa safarini kwenda Dodoma kikazi. Basi letu likaharibika Dumila, pale njia panda ya kwenda Kilosa, konda akatuambia tushuke tunyooshe miguu wakati fundi anahangaika na injini. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, shule zimefunguliwa majuzi tu. Kwenye kivuli cha kibanda cha mama mmoja muuza nyanya amekaa mvulana wa miaka kama tisa. Chini kavaa kaptula ya bluu ya shule, juu kavaa fulana ya njano ya mpira. Mkononi ana daftari moja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona huko shule saa hizi?"

"Nimerudishwa. Sina shati."

Muuza nyanya, kumbe ndiye mama yake, akadakia: "Shati analo, mdogo wangu, ila limechanika mgongo mzima. Nimemwomba mwalimu anivumilie mpaka nivune. Kasema sheria ni sheria."

Basi likatengemaa, tukaondoka. Yule mtoto nilimwacha palepale, anawafukuza nzi kwenye nyanya.

Sasa, nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa sare. Nimesoma shule ya msingi ya serikali, nikavaa sketi ya marinda niliyorithi kwa dada zangu wawili, imepauka hadi hujui kama iliwahi kuwa bluu. Na ninakiri sare ilinisaidia. Darasani nilikaa dawati moja na mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wa mashamba, na kwa macho tu usingejua nani ni nani. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya watetezi wa sare, na ni hoja nzuri.

Lakini tuitazame vizuri. Sare inaficha umaskini wa yule aliyeweza kuinunua. Yule aliyeshindwa, inamwanika mbele ya shule nzima. Anasimamishwa mstarini asubuhi, mwalimu wa zamu anapita, kiranja anaandika majina, halafu huyo anatolewa nje ya geti wenzake wakimwangalia. Kitu kilicholetwa ili watoto wawe sawa kinageuka kuwa kipimo cha nani hana.

Tuje kwenye sera. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Michango ikarudi kwa mlango wa nyuma, na kuanzia Januari 2016 serikali ikaipiga marufuku upya kwa mpango wa elimu bila malipo. Ni hatua kubwa, watoto walifurika madarasani. Lakini waraka wa elimu namba 3 wa mwaka 2016 ulipogawa majukumu, sare ilibaki kwa mzazi. Serikali ilipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Sasa jumlisha shati, kaptula au sketi, sweta, soksi na viatu. Mzazi anatoa mara kadhaa ya hiyo ruzuku kabla mtoto hajaandika hata herufi moja. Bure ina gharama yake.

Halafu kuna kichekesho kisichochekesha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi, asipofanya hivyo anaweza kushtakiwa. Mama wa Dumila kampeleka. Shule ndiyo iliyomrudisha. Je, hapo nani ashtakiwe?

Lakini kuna neno moja la yule mama lililonifanya niandike leo. Alisema "mpaka nivune". Tunaoishi mjini kwa mshahara, Januari ni mwezi mgumu, tunaufanyia utani, unapita. Kwa mkulima wa Kilosa, Januari ni kitu kingine kabisa. Pesa kidogo iliyokuwepo imeingia kwenye mbegu na kulimisha. Mahindi ya masika yatavunwa kuanzia Juni au Julai. Yaani shule inamdai mkulima pesa katika mwezi ambao hana, halafu anapokuwa nazo haimdai chochote. Kalenda ya shule haijawahi kuzungumza na kalenda ya shamba.

Tena Januari ya ukanda ule ina mambo yake. Mwaka 2014, mwezi huohuo wa Januari, mafuriko yalizikumba Dumila na Magole, nyumba zikaenda na maji na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Familia zililala kwenye mahema. Nyumba ikienda na maji, sare nayo imekwenda. Hata leo mvua kubwa ikinyesha kule milimani, kuna mzazi huku chini anaamua kati ya bati na shati. Atachagua bati, na mimi na wewe tungechagua hivyohivyo.

Na viatu! Hapa mkoa wa Morogoro una historia ya kukufanya ushike kichwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilijengwa Morogoro mjini kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ndoto ilikuwa kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka na nyingi kuziuza Ulaya. Kiwanda hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia chache ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Tulitaka kuwavisha Wazungu. Leo mtoto wa mkoa huohuo anaulizwa getini kwa nini kaja na yeboyebo.

Nilimpigia rafiki yangu mwalimu nisikie upande wa pili, maana si haki kuwasema walimu wakiwa hawapo. Akaniambia: "Dada, ukiwaachia wawili leo, mwezi ujao ni darasa zima. Na wapo wazazi wana pesa ya pombe lakini ya shati hawana." Namwelewa. Mwalimu ana watoto mia darasani na nidhamu ndiyo silaha pekee aliyobakiwa nayo. Wazazi wazembe nao wapo, tusidanganyane. Ila swali langu kwake lilikuwa moja: ukimrudisha mtoto, unamwadhibu nani? Baba mlevi hajui hata kama somo la leo lilikuwa la sehemu. Anayekosa sehemu ni mtoto.

Majirani zetu Kenya walilipima jambo hili. Upande wa magharibi, kule Busia, watafiti waliwapa baadhi ya wanafunzi wa shule za msingi sare za bure kwa bahati nasibu, wakafuatilia mahudhurio. Kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa, utoro ulipungua kwa zaidi ya nusu. Shati tu! Nisifiche na upande mwingine: walipofuatiliwa miaka mingi baadaye, waliopewa sare hawakuonekana kuwa wamesoma madarasa mengi kuliko wenzao. Sare haileti mwalimu wala kitabu. Inafungua geti. Lakini mtoto akibaki nje ya geti, huyo mwalimu na hicho kitabu vitamsaidia nini?

Kwa hiyo naomba kutoa hoja, ndugu zangu.

Kwanza, mtoto asirudishwe. Viongozi wa TAMISEMI wamewahi kutamka kwamba mwanafunzi apokelewe hata kama hana sare. Kauli hiyo isiishie kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, mzazi aisome.

Pili, maeneo ya wakulima muda wa sare uwe baada ya mavuno. Mzazi aambiwe Januari: mtoto aingie darasani, sare tunaisubiri Agosti. Asiyeleta Agosti, aitwe yeye kwenye kamati ya shule. Mtoto abaki darasani.

Tatu, sare iwe rahisi. Shati jeupe la mtumba ni shati jeupe. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona kaptula ya bluu. Mambo ya sweta lenye nembo linalopatikana duka moja tu, tuyaache.

Nne, hili ni letu sisi tuliosoma. Watoto wetu na wadogo zetu wanakua, sare zinawabana, tunazigeuza madekio. Kila shule ikiwa na sanduku moja la sare zilizobana, mwalimu wa zamu atakuwa na jibu jingine zaidi ya geti.

Sijui kama yule kijana alirudi darasani. Wakati basi linaondoka nilichungulia dirishani. Alikuwa ameweka daftari lake juu ya tenga la nyanya, anaandika kitu.

Ninyi mnasemaje? Sheria ni sheria, au kuna mahali sheria inapaswa kumsubiri mtoto?