#fyp Haiuzi Mihogo

Mwanangu, ukiposti video ya mihogo ya Mama Ngina, hizo #fyp na #viral ishirini za nini? Hapo umejipanga foleni na dunia nzima. Hata #Lighthouse, jina letu la mtaani, inakutupa kwenye minara ya taa ya Marekani. Mimi naandika #MamaNginaWaterfront, #Mombasa, #mihogo. Anayetafuta pa kwenda jioni atanipata.

Hashtegi ni kibao cha duka, si hirizi. Juni 2024 #RejectFinanceBill2024 ilijaza barabara, rais akakataa kusaini mswada, kwa sababu kila mtu alielewa inadai nini.

Yule mama wa mihogo anangoja wateja wa Likoni na Majengo, sio likes za Brazili. Sema alipo, bana.