Wazee wa Mji wa Nabothi



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuyaache kando masomo ya Dominika ijayo, tuzungumzie ajenda ambayo katika miji yetu hupita mezani pa madiwani mchana mmoja tu, baina ya chai na chakula, nayo huamua mahali watakapolala maelfu ya watu kwa miaka hamsini ijayo. Ni ajenda ya miradi mikubwa ya makazi mapya. Huletwa katika jalada zuri lenye michoro ya rangi: maghorofa, minazi iliyopangwa mstari, bwawa la kuogelea. Tumewahi kuitazama michoro ya namna hiyo kwa makini. Hamna ndani yake mama lishe, hamna kijana wa bodaboda, hamna hata kamba ya kuanikia nguo. Aliyeichora alikwisha kuamua nani hatakuwapo, kabla diwani hajanyoosha mkono.

Tusieleweke vibaya. Hatuwapingi wajenzi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 5,383,728. Yaani katika miaka kumi mji mmoja umeongezewa watu zaidi ya milioni moja, na hao hawawezi kulala hewani. Asemaye nyumba zisijengwe anawaambia vijana wetu wanaofunga ndoa waendelee kumpigia magoti mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Msimamo huo hatuushiriki. Tunachopinga ni tabia ya kuligeuza neno “maendeleo” kuwa kifuniko cha chungu, ili mwananchi asione kinachopikwa ndani hadi siku ya kuambiwa ahame.

Tuitazame Kigamboni, kwa kuwa yaliyotukia pale yanajulikana na wengi wenu mna ndugu ng'ambo ile ya maji. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba eneo la takriban hekta 6,500, likizihusisha kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na Kibada, lingekuwa mji mpya wa kisasa. Likawekwa zuio la kuendeleza maeneo. Zuio hilo lilitangazwa kuwa la miaka miwili, lakini liliendelea kuwabana watu kwa muda mrefu zaidi ya huo. Wataalamu wa Kikorea wakaandaa mpango kabambe. Ukaundwa wakala wa kuuendeleza mji huo chini ya Wizara ya Ardhi, na mamlaka ya upangaji ikahamia huko, hata Manispaa ya Temeke, ambayo madiwani wake walichaguliwa na wananchi wa kata hizo, ikabaki mtazamaji. Mbunge wa wakati huo, hayati Dkt. Faustine Ndugulile, aliupinga utaratibu huo waziwazi. Hatimaye, katika Serikali ya Awamu ya Tano, wakala ule ulivunjwa. Mji uliochorwa haukujengwa.

Hasara ya jambo hili ni rahisi kuidharau, kwa sababu mwishowe hapakuwa na tingatinga lililovunja kata nzima. Lakini fikirini maana ya kuishi chini ya zuio. Paa likivuja, mtu anajiuliza kama atengeneze au aache, maana huenda kesho akalipwa fidia ya nyumba kama ilivyothaminiwa jana. Mjane mwenye kiwanja cha ziada alichokuwa akitarajia kukiuza ili amsomeshe mtoto anakuta hakiuziki, au kinauzika kwa bei ya kutupa kwa mtu mwenye habari ambazo yeye hana. Benki haimkopeshi mwenye nyumba iliyotiwa alama. Kijana haongezi chumba. Hakuna mahakama inayohesabu miaka ya namna hiyo, wala fomu ya mthamini haina safu ya kuiandikia. Na hukohuko Kigamboni, eneo la Dege, ulianzishwa mradi wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na mbia wake binafsi wa kujenga nyumba zaidi ya 7,000. Ujenzi ukasimama mwaka 2016, maghorofa yakabaki magofu yasiyo na madirisha, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaihoji thamani ya ardhi iliyotumika katika ubia huo. Fedha zile ni michango ya wafanyakazi.

Sasa tuje kwa Nabothi. Kisa chake katika sura ya ishirini na moja ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tumekihubiri mara nyingi, na aghalabu lawama zote tunamtwisha Ahabu aliyelitamani shamba la mizabibu na Yezebeli aliyepanga njama. Lakini lipo kundi la tatu ambalo mahubiri yetu hulipita haraka. Yezebeli hakumwua Nabothi kwa mkono wake. Aliandika barua, akazipiga mhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji uleule aliokaa Nabothi. Wale walikuwa majirani zake. Walijua kwamba shamba lile ni urithi wa baba zake. Walizisoma barua, wakaitisha kikao, wakaweka mashahidi, wakafuata utaratibu wote hatua kwa hatua, kisha wakatuma taarifa juu kwamba kazi imekwisha. Hatusomi popote kwamba hata mmoja wao alisimama na kuuliza swali. Na tukumbuke kwamba Ahabu mwenyewe alianza kwa lugha ya fidia: aliahidi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu.

Tunaposikia diwani akisema, “Jambo hili limetoka juu, sisi tunapitisha tu,” ndipo tunapowakumbuka wazee wale. Kauli hiyo, tena, si ya kweli kisheria. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imezifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao. Inataka wenye maslahi katika eneo waitwe na waelezwe, rasimu ya mpango iwekwe wazi waione, na maoni yao yapokelewe kabla mpango haujapelekwa kwa Waziri. Hayo hayatimizwi kwa kubandika tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kata siku ya Ijumaa jioni, wala kwa kuwakusanya watu na kuwapa soda, kisha karatasi ya mahudhurio ikageuzwa kuwa karatasi ya ridhaa. Mwenye kusaini mahudhurio amesema kwamba alikuwapo, na hakuna zaidi.

Liko jingine ambalo watetezi wa miradi hii hulisema kwa kujiamini mno: kwamba nyumba hizi ni za “mwananchi wa kawaida”. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme nyumba inauzwa shilingi milioni 60, na benki inaikopesha yote kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi linakuwa karibu shilingi 790,000, na mpaka mwisho mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya milioni 189. Utaratibu wa utumishi unataka mfanyakazi abaki walau na theluthi moja ya mshahara wake. Basi mnunuzi huyo hana budi awe na mshahara wa karibu milioni 1 na laki 2, na asiwe na deni jingine lolote duniani. Mwalimu anayeanza kazi katika shule ya msingi hafiki hapo. Muuza samaki wa Feri, ambaye hana hata karatasi ya mshahara, hajafika hata mlangoni. Huyu “mwananchi wa kawaida” ni nani, basi? Diwani anayo haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kupiga kura, na kumtaka mwekezaji amjibu kwa tarakimu.

Kuhusu fidia, sheria zetu si mbaya. Utekelezaji ndio unaokwama. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, ya usafiri, na posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba tathmini isiyolipwa ndani ya miaka miwili hukoma kuwa halali. Kwa hiyo hatuombi huruma ya mtu. Tunaomba fedha ziwe benki kabla mthamini hajapaka rangi nyekundu ukutani pa mtu. Lakini hata fidia ikilipwa yote, humfuata mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye katika mitaa mingi ndiye mkazi hasa, hufunga virago bila senti. Naye mwenye nyumba, akishalipwa, huenda kununua kiwanja kisichopimwa mbele zaidi, mahali pasipo na maji wala zahanati. Tuliyaona hayo baada ya Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 katika maeneo kama Toangoma, Kibada na Buyuni: kwa baadhi ya waliopisha upimaji, mji uliopangwa uliwasukuma tu kwenda kuanzisha mji mwingine usiopangwa.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili moja kwa moja. Alifundisha kwamba inapobidi maskini wahamishwe, wapewe taarifa za kutosha mapema, wawe na makazi ya heshima ya kuchagua, na wao wenyewe washiriki katika kuamua. Ni masharti matatu tu. Tumeyapima kwa miradi tunayoijua, na ni michache iliyotimiza hata mawili.

Tena si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Pale Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990, wakazi walishirikishwa kuuboresha mtaa wao bila kuufuta: mitaro ya maji ya mvua na barabara zilijengwa kwa nguvu kazi ya wenyeji, wakalipwa kwa kazi yao. Si paradiso hata leo. Lakini watu walibaki kwao. Halmashauri inaweza vilevile kumwambia mwekezaji kwamba sehemu ya nyumba, kwa idadi iliyoandikwa katika mkataba, iwe ya waliokuwapo, kwa kodi wanayoimudu, na ijengwe kwanza, kabla ya zile za kuuza. Mwekezaji akikataa, basi baraza litakuwa limejua mapema ni mradi wa nani.

Tulisikitike jambo moja lililo nyumbani mwetu. Mradi unaponong'onwa, wapo Wakristo wanaokaa benchi moja na sisi, wenye jamaa katika ofisi za ardhi, ambao huanza kuzunguka kwa majirani zao jioni, wakinunua viwanja kwa bei ya hofu. “Mama, uza tu, watakunyang'anya bure.” Wananunua kwa milioni tatu wanachojua kitathaminiwa mara kadhaa ya hapo. Wanatoa zaka juu ya faida hiyo, na majina yao tunayasoma kanisani pamoja na ya wafadhili wa ujenzi wa ukumbi. Wenzetu hao wakamtafute mama yule, wamrudishie tofauti.

Mikutano ya baraza la madiwani kisheria iko wazi kwa wananchi. Mtu haombi kadi wala mwaliko ili akae nyuma asikilize. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogondogo waulize katika ofisi za kata tarehe ya kikao kijacho na waitangaze katika sala za jumuiya. Nendeni watu watano au kumi, mkae kimya, mkiwa na daftari. Andikeni jina la kila diwani, na mbele yake swali aliloliuliza. Asiyeuliza, acheni nafasi wazi.