Binti anapotaka kwenda kwao peke yake

Ilikuwa Ijumaa jioni, chakula kimeshawekwa mezani, binti alipowaambia wazazi wake kwamba mwezi ujao anakwenda Lushoto. Baba alishtuka. Kwa nyumba ile ya Tabata, Dar es Salaam, safari ya milimani ilikuwa na sababu mbili tu, msiba au harusi.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna aliyefariki, baba. Nataka kutembea tu. Nabeba begi langu la mgongoni, nashuka Mombo, napanda milima, natembea kijiji hadi kijiji mpaka kwa babu, halafu nikiweza nifike Mtae. Kila siku nitalala wapi sijui bado. Wiki mbili, labda tatu."

Binti ana miaka 23. Amemaliza chuo na anasubiri kazi. Amezaliwa Dar na kukulia Dar, lakini kila anapoulizwa kwao ni wapi hujibu Lushoto, ingawa Kisambaa anachokijua hakizidi salamu.

Baba alikataa hapo hapo. Msichana peke yake, njia hazijui, watu hawajui. "Na huko hakuna wa kukupokea," akamalizia.

Mama alikuwa anamenya chungwa na hakusema kitu. Alijua kwamba wa kumpokea yupo. Kaka mkubwa wa mumewe anaishi kwenye nyumba ileile ya babu. Ila ndugu hao wawili hawajazungumza tangu arobaini ya baba yao, miaka tisa iliyopita, walipogombana juu ya shamba. Binti alipoondoka mezani, mama akauliza kwa sauti ya chini, "Unaogopa njia, au unamwogopa kaka yako?"

Hofu mbili

Kisa hiki kinaweza kuwa cha nyumba nyingi za mjini. Kijana anataka kwenda kwao peke yake, bila ratiba, na mzazi anasema hapana. Hofu ya kwanza ya mzazi ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Kuna ajali, kuna wezi, kuna wanaume wenye nia mbaya, kuna kupotea njia na kuugua mbali na nyumbani. Hofu hii ina dawa, nayo ni maandalizi.

Hofu ya pili haitamkwi. Mzazi anaogopa yale ambayo mtoto atayasikia akifika. Atasikia kwamba baba hakuchangia msiba fulani, kwamba mama alikataliwa na wakwe, kwamba kuna mtoto mwingine aliyezaliwa kabla ya ndoa, kwamba shamba liliuzwa kinyemela. Mzazi ambaye kwa miaka mingi ameieleza historia ya ukoo kwa namna yake anaona kwamba sasa mtoto atakwenda kuisikia kwa namna ya wengine.

Hofu hizi zikichanganywa, mzazi husema "njia ni mbaya" wakati moyo wake unasema "ndugu yangu atanisema." Mtoto anajibu hoja ya njia, anatafuta ramani na kuonyesha nauli, na bado anakataliwa. Hapo ugomvi unaanza, kwa sababu kinachojibiwa sicho kinachoogopwa.

Kwa nini peke yake?

Wazazi wengi wanashangaa kwa nini kijana asisubiri Desemba, familia nzima ipande gari moja. Lakini watoto wa mjini waliokwenda kwao kwa safari za namna hiyo wanaijua kasoro yake. Gari linaingia usiku, kesho yake kuna turubai, viti na watu mia wanaosalimia kwa haraka, keshokutwa ni kurudi. Mtoto anapiga picha kaburini, anakula, anaambiwa "huyu ni shangazi yako", na kabla hajauliza shangazi wa upande gani, gari limewashwa. Kwao anakujua kwa misiba tu.

Ukubwani, wengine huamua kuanza upya. Mwandishi Noo Saro-Wiwa alizaliwa Nigeria mwaka 1976 na kukulia Uingereza. Utotoni alipelekwa Nigeria wakati wa likizo kwa amri ya wazazi, na safari zile hakuzipenda. Baba yake, mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa, alinyongwa na serikali ya kijeshi Novemba 1995, na kwa miaka mingi binti yule alijitenga na nchi ile. Alipokuwa mtu mzima alirudi kama msafiri wa kawaida, akazunguka kutoka Lagos hadi Kano kwa usafiri wa umma, na mwaka 2012 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Nchi aliyokuwa akiijua kupitia maumivu ya familia, sasa aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Kijana anayetaka kwenda Lushoto, Bukoba au Mbinga peke yake hajabeba mzigo mzito kama ule, lakini haja yake inafanana na hiyo. Anataka kuwajua watu wake bila mzazi kusimama katikati akitafsiri. Ratiba ingemfikisha kwa wale tu ambao mzazi amewachagua. Ndiyo maana haitaki.

Bila ratiba, si bila utaratibu

Katika nyumba ile ya Tabata, mazungumzo yalichukua wiki nzima. Baba hakukubali mara moja. Alilegea pale mama aliposhauri kwamba waiache ratiba lakini waweke utaratibu. Mambo waliyokubaliana yanaweza kumfaa mzazi yeyote.

La kwanza, kila siku saa kumi jioni binti awe ameshajua pa kulala, na kabla giza halijaingia awe ndani. Popote jioni itakapomkuta, aulizie gesti au nyumba ya wageni ya misheni, wala asilale kwa mtu aliyekutana naye njiani.

La pili, apige simu au aandike ujumbe kila jioni, akitaja jina la kijiji na jina la mwenyeji. Mlimani mtandao hukatika, hivyo abebe laini za mitandao miwili. Akikosa mtandao siku moja wazazi wasipige mayowe, bali wasubiri hadi adhuhuri ya siku inayofuata.

La tatu, abebe kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Akifika kijiji anachotaka kukaa, aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mgeni aliyejitambulisha analindwa na kijiji kizima, na asiyejitambulisha anaulizwa maswali na kila mtu.

La nne, pesa isikae mahali pamoja. Nyingine iwe kwenye simu, nyingine mfukoni, na nauli ya kurudi iwekwe kando isiguswe.

La tano, asipande bodaboda usiku, na kwenye njia za msituni atafute mwenyeji wa kumwongoza. Msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ni hifadhi, na kuingia kuna utaratibu wake wa kulipia.

Mama akaongeza sweta zito. Lushoto iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko haifanani na ya Tabata.

Orodha ya majina

Kilichokuwa kigumu zaidi kwa baba kilikuwa karatasi moja. Mama alimwambia kwamba mtoto anayekwenda kwao hajui pa kulala anaweza kuvumiliwa, lakini anayekwenda kwao hajui majina ni aibu ya wazazi wake. Baba akakaa na kalamu. Akaandika jina la babu na la bibi, majina ya ndugu zao, jina la ukoo, alikozaliwa nani, aliolewa wapi nani, kaburi lipi liko upande gani wa nyumba. Jioni ya kwanza alijaza ukurasa mmoja. Jina la kaka yake halikuwamo.

Jioni ya pili aliliandika, chini kabisa. Kisha akamwita binti na kumweleza ugomvi wa shamba kwa dakika chache, bila kumtukana mtu. "Hivi ndivyo ninavyoujua mimi," akasema. "Baba yako mkubwa atakueleza tofauti. Msikilize."

Hapo alitaka kuongeza ujumbe, kwamba binti amwulize kaka yake lini ule mpaka utarekebishwa. Mama akamkatiza. "Mtoto asipeleke kesi. Apeleke salamu."

Wazazi wengi hukosea hapo. Mtoto akishaonekana ana ujasiri wa kwenda, anageuzwa tarishi wa mambo yaliyowashinda wakubwa. Anafika kwa ndugu akiwa na madai mkononi, na ndugu wanamwona kama wakili. Ugomvi wa ndugu wawili unakuwa wa vizazi viwili. Mtoto ana haki ya kuujua ugomvi, kwa sababu asiyejua atajikwaa juu yake siku ya kwanza. Lakini kuumaliza si kazi yake.

"Wewe wa nani?"

Binti alipanda basi alfajiri katika kituo cha Mbezi, akashuka Mombo, na kutoka hapo akapanda gari dogo la kwenda juu. Barabara ile ina urefu wa kilomita zipatazo 30, na ni kona juu ya kona, ikipita Soni yenye maporomoko ya maji. Alilala Lushoto mjini siku mbili kuliko alivyodhani, kwa sababu tu alipenda asubuhi zake. Kisha akaelekea Lukozi, ambako malori hupakia kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza akajua mboga za sokoni kwao Tabata hutoka wapi.

Kila alipopumzika, wazee walimuuliza swali lilelile, "Wewe wa nani?" Siku ya kwanza alitaja jina la baba yake na hakueleweka, kwa kuwa baba aliondoka akiwa kijana. Alipotaja jina la babu na la ukoo, uso wa mzee mmoja ukabadilika. "Kumbe mjukuu wa fulani! Bibi yako alikuwa akipita hapa siku za gulio." Karatasi ya baba ilianza kufanya kazi.

Alipofika kijiji cha babu, mbele ya Rangwi, baba mkubwa alimpokea vizuri lakini kwa tahadhari. Alimkaribisha, akamwandikia mahali pa kulala, na usiku huo akauliza kwa upole, "Mwanangu, umekuja kuangalia shamba?"

Swali hilo watoto wa mjini waliojitokeza ghafla hulikuta karibu kila kijiji. Ardhi ni chache milimani, na mtu akitokea mjini peke yake, watu huhisi kwamba ametumwa kupima au kuuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na ni vizuri binti ajue hivyo. Ila siku ya kwanza ya kujuana si siku ya kuifungua sheria. Asidai kitu, asikane haki yake, na asisaini karatasi yoyote.

Binti akajibu, "Nimekuja kusalimia, baba mkubwa. Na kuona kwa babu."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu alipewa jembe kweli, akalima maharage na binamu zake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tahadhari ilianza kuondoka hapo. Jioni baba mkubwa alimpeleka kaburini, kisha akamwonyesha mpaka wa shamba bila kuulizwa, na kueleza ugomvi kama alivyoujua yeye. Hadithi haikufanana na ile ya Tabata. Binti alisikiliza zote mbili na hakusema ipi ni ya kweli.

Alipanga kukaa usiku mmoja, akakaa sita. Mtae hakufika.

Simu ya jioni

Jioni ya nne alipiga simu nyumbani kama kawaida. Alitaja kijiji, akasema yu mzima, na kwamba baba mkubwa anasalimia. Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu, mpaka binti akadhani mtandao umekatika.

"Bado anakohoa?" baba akauliza hatimaye.

"Anakohoa, baba. Hasa alfajiri, kwa sababu ya baridi."

"Mwambie," baba akasema, akanyamaza tena. "Mwambie nimesikia."

Shamba halikugawanywa upya kwa simu ile, na huenda ndugu hao watahitaji wazee wa ukoo, au hata baraza la ardhi la kijiji, kulimaliza jambo lao. Lakini baada ya miaka tisa, mmoja alikuwa ameulizia afya ya mwenzake.

Mzazi ambaye mwanawe anataka kwenda kwao na begi mgongoni ana haki ya kuuliza juu ya njia, malazi na simu. Akishajibiwa hayo na bado moyo wake ukakataa, ni vizuri ajiulize anaogopa nini hasa, kisha achukue karatasi aanze kuandika majina. Aanze na lile ambalo lingekuwa la mwisho.