Bunduki ya Babu na Sheria ya Njia

Mwezi wa Machi mwaka 1963, duka moja mjini Chicago, katika jimbo la Illinois, lilipokea kipande cha tangazo kilichokatwa gazetini pamoja na hawala ya fedha. Aliyekipeleka alitaka bunduki kuukuu ya Kiitalia, aina ya Carcano, iliyotengenezwa mwaka 1940 na kubaki katika maghala ya vita. Bei yake pamoja na gharama ya kuipeleka ilikuwa dola 21 na senti 45. Jina alilotia lilikuwa la uongo, na anwani ilikuwa sanduku la posta la Dallas, jimbo la Texas. Bunduki ikafungwa, ikatiwa posta, ikavuka majimbo kama jozi ya viatu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, kama ilivyothibitisha Tume ya Warren, Lee Harvey Oswald aliitumia kumwua Rais John Kennedy.

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wapo wana wetu wengi walioko Marekani kwa masomo na kazi, na katika nchi ile bunduki ya kale hurithiwa na kuuzwa kama saa ya ukutani. Mtu akimwambia mwenzake, "Hii ni bunduki ya babu, itie posta tu," yafaa ajue kwamba maneno hayo mepesi yaweza kumpeleka gerezani.

Hata kabla ya Kennedy, si kwamba njia ilikuwa wazi kabisa. Mwaka 1927 Bunge la Marekani liliwapiga marufuku watu wa kawaida kutia posta silaha ndogo za kufichika, yaani bastola. Lakini sheria ile ilifunga mlango ikaacha dirisha. Bastola ya Oswald, ambayo siku ile ile ilimwua askari polisi J. D. Tippit, haikupita posta. Ilitoka Los Angeles kwa kampuni ya kubeba mizigo, akailipia alipoipokea. Bunduki ikapita posta, bastola ikapita nje ya posta, na hapana aliyemwuliza mnunuzi yeye ni nani.

Ilichukua miaka mitano na vifo vingine viwili vikubwa, cha Martin Luther King na cha Robert Kennedy, ndipo Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria mpya tarehe 22 Oktoba 1968. Sheria hiyo haikuwanyang'anya watu bunduki, la hasha. Kubwa iliyolifanya ni kuitia mkono njia yake. Asiye na leseni haruhusiwi kumwuzia bunduki mtu wa jimbo jingine moja kwa moja. Sharti aipeleke kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi, na mnunuzi aende mwenyewe, aonyeshe kitambulisho na kujaza fomu. Tangu mwaka 1998, kwa sheria inayobeba jina la James Brady aliyejeruhiwa katika shambulio la mwaka 1981 dhidi ya Rais Reagan, jina la mnunuzi huchunguzwa pia katika kumbukumbu za serikali. Anayekiuka amri ya kuuza nje ya jimbo kwa kusudi aweza kufungwa hadi miaka 5. Kwa ufupi, palipokuwa na namba ya sanduku sasa pametakiwa uso wa mtu.

Sasa tuje kwenye bunduki kuukuu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Sheria ya serikali kuu yasema kwamba silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na kwa hesabu ya sheria ile ya 1968 si bunduki tena. Yaweza kuuzwa na kupelekwa jimbo jingine bila leseni wala fomu. Chukua mfano wa bunduki ya Winchester ya mwaka 1894, iliyoendelea kutengenezwa kwa miaka mingi. Iliyotoka kiwandani mwaka 1898 ni ya kale. Ndugu yake wa mwaka 1899, sura ile ile na risasi ile ile, ni silaha kamili mbele ya hakimu. Na kinachohesabiwa ni umri wa kiunzi kinachobeba mtambo, si umri wa mtutu wala mbao. Basi kabla ya kutafuta mnunuzi, tafuta kwanza mwaka, kwa namba iliyochongwa juu ya chuma chenyewe.

Kuna na daraja la pili, la silaha za ukumbusho, zilizotimiza miaka 50 na kubaki katika hali yake ya asili. Hizo bado ni bunduki, ila mkusanyaji aliyepata leseni yake maalumu aweza kuzipokea kutoka jimbo jingine bila kupitia dukani. Tazama basi jambo la ajabu: mpaka wa 1898 umesimama, lakini mpaka wa miaka 50 hutembea. Bunduki ya mwaka 1970 ilivuka mwaka 2020. Kila mwaka silaha za vita vya karibuni zaidi huingia katika kundi la vitu vya ukumbusho, na makali yake hayajapungua.

Sheria hiyo pia yatofautisha urithi na biashara. Aliyeachiwa bunduki kwa wasia au kwa mirathi aweza kuipeleka katika jimbo lake, ikiwa yeye si katika waliokatazwa kumiliki. Lakini akitaka kumwuzia mtu wa jimbo jingine, amerudi kwenye mlango wa mwenye leseni. Na katika waliokatazwa wamo wengi wa wageni wenye viza za muda, wanafunzi wakiwamo, isipokuwa wachache kama wenye leseni ya kuwinda. Juu ya hayo kila jimbo lina sheria yake: Illinois na New Jersey hudai kadi maalumu. Ruhusa ya serikali kuu haifuti katazo la jimbo.

Sisi wa Mwambao hesabu hii si ngeni kwetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha kuingia Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Ukazibana hasa bunduki mpya zenye mtutu wa mifuo, ukalegeza kwa zile za gumegume. Wakubwa walikwisha kujua kupima chuma kwa umri wake.

Maoni yangu ni haya. Mpaka ulio wazi ni bora kuliko kutokuwa na mpaka, na mwenye kuuza hana udhuru wa kutoujua. Lakini risasi haiulizi mwaka wa kuzaliwa. Carcano ile ilikuwa kuukuu, rahisi, ya kuchekwa na wenye bunduki nzuri; iliyoifanya iwe hatari ni kwamba ilisafiri bila kuulizwa yaenda kwa nani. Sheria inayoachia bunduki za 1898 zipite hivyo hivyo imekisahau nusu ya kisa kilichoizaa. Nawe mwenye bunduki ya babu, hata pale sheria isipokulazimisha, mjue mtu kabla hujaitia njiani.