Kona ya Chai: Nitaandika Nini?

Mwezi huu Kona ya Chai haizungumzii chakula wala harusi, kwa sababu tangu muhula uanze kundi letu la WhatsApp limejaa kilio kimoja: "Jamani, nisaidieni mada!" Wanaolia ni wenzetu wa saikolojia. Mwisho wa mwezi wanatakiwa wawapelekee wasimamizi wao jina la mradi wa kuandika, na wengi bado karatasi ni nyeupe. Basi Ijumaa iliyopita tulikaa nao, tukapika chai ya tangawizi, tukamsikiliza kila mmoja.

Watu sita walikuwa na mada moja: mitandao ya kijamii na afya ya akili ya vijana. Hatusemi ni mbaya. Ila ni kama kumwambia mama unakwenda mjini. Mjini wapi? Na nani? Unarudi saa ngapi? Mama yeyote wa kwetu hakubali jibu hilo, na msimamizi naye hakubali. Tulimbana mmoja wao kwa maswali hayo hayo mpaka akafika hapa: wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliohama nyumbani, je, hulala vizuri zaidi usiku ule waliozungumza na familia kwa simu ya video? Hilo linaweza kupimwa, watu wa kuwauliza wapo, na kazi inaweza kwisha kabla ya mwezi wa tano. Alicheka peke yake mpaka mlangoni.

Mwingine anaogopa kuhoji watu kabisa. Tukamwambia aende maktaba. Asome jinsi Mary Ainsworth, ambaye kila kitabu chetu cha mwaka wa kwanza kinamtaja, alivyofika Uganda mwaka 1954 na kukaa na familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga na mama zao nyumbani kwao. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Lakini darasani tunafundishwa zaidi kile alichofanya baadaye Baltimore, kile chumba ambamo mama anatoka kwa dakika chache kisha anarudi, na mtoto anatazamwa atafanyaje. Kwa nini Baltimore ikaifunika Uganda? Na mtoto aliyezoea kubebwa na bibi, shangazi na dada mkubwa, chumba kile kinatuambia nini juu yake? Hiyo ni mada nzima, na haihitaji kumsumbua mtu yeyote kwa hojaji.

Sasa tufike kwa mwenzetu mmoja ambaye ndiye aliyetufanya tukae mpaka mlinzi akaja kufunga jengo. Ameturuhusu tuandike habari hii, na mama yake pia ameruhusu, kwa sharti kwamba tusitaje mji.

Alipokuwa na miaka tisa alimsindikiza mama yake kwa daktari, kwa sababu yeye ndiye aliyejua Kiingereza nyumbani. Wengi wetu kazi hiyo tunaijua: barua za shule, mwenye nyumba, benki, zahanati. Mama akasema, "Mwambie nina mawazo mengi. Silali, na moyo unaenda mbio." Mtoto akatafsiri alivyoweza, kwamba mama anafikiri sana. Daktari akatabasamu, akasema kufikiri si ugonjwa, akaandika dawa ya maumivu ya kichwa. Wakarudi nyumbani kwa basi. Ilipita miaka minne kabla mtu mwingine hajamuuliza mama yule tena swali la maana, na miaka hiyo mwenzetu anaihesabu kama deni lake mwenyewe.

Alipomaliza kusimulia hakuna aliyegusa chai. Kisha mmoja wetu akamwambia jambo ambalo hakulijua. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na watu wa Zimbabwe hulitumia kwa hali ile ile ambayo sisi tunaiita mawazo. Neno hilo limo katika toleo la tano la mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, lililotoka mwaka 2013. Ndilo lililo nyuma ya Benchi la Urafiki, mpango ambao daktari Dixon Chibanda aliuanza Harare mwaka 2006 kwa kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare kukaa benchini nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye fikra nyingi. Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na washauri wa mpango ule walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa alitafsiri sawasawa. Aliyekosa kuelewa alikuwa mtu mzima aliyekaa upande wa pili wa meza.

Mwenzetu alilia kidogo, sisi pia. Halafu akasema mada yake ni hiyo, na atamhoji mama. Hapo tukagawanyika. Msimamizi wake amemkatalia, akisema mama hawezi kumkatalia mwanawe kwa uhuru, na kwamba kamati ya maadili haitapitisha. Baadhi yetu waliona ni ugumu wa watu wasiotujua. Wengine, na mwandishi wa safu hii mwezi huu ni wa upande huo, waliona msimamizi ana haki hata kama alilisema kwa ukavu. Jumapili alimpigia mama mwenyewe. Mama akamjibu, "Mwanangu, ya hospitali tuyaache hospitali. Andika yako."

Na yake yapo tele. Sasa atawatafuta wanafunzi wa miaka kumi na minane kwenda juu ambao utotoni walikuwa wakalimani wa wazazi wao, awaulize ni neno gani walishindwa kulitafsiri na walibaki na hisia gani. Tulimshauri asichukue watu wa klabu peke yao, maana wote tunajuana na kila mtu atataka kumpa jibu la kumfurahisha. Aende pia kwa Wasomali, Wapolandi, Wabengali. Hojaji yake ya kwanza ilikuwa na maswali arobaini. Tumeikata ikabaki kumi na mawili na bado ananung'unika.

Walimu wetu wa Kiswahili, tuna ombi. Mtuambie kwenu "mawazo", "sonona" na "msongo" mnavitenganisha vipi, kwa sababu sisi Kiswahili chetu ni cha jikoni na kamusi zetu hazikubaliani.

Ijumaa ijayo tuko chumba kile kile, saa kumi na moja jioni. Kila asiye na mada aje na sentensi moja tu, yenye alama ya kuuliza mwishoni. Mandazi ni zamu ya mwaka wa pili, na safari hii yasiwe ya dukani.