Kidevu kimepasuka? Mguse na mbele ya masikio (Sehemu ya 6)

Leo nataka tuongelee ajali ambayo kwa watoto wa huku kwetu mlimani ni ya kila siku: mtoto ameteleza, katua kwa kidevu, kidevu kimepasuka. Najua kuna atakayesema, "Nesi, na hiyo nayo ni ya kuandikia?" Ndiyo mama. Tena nimechelewa kuiandika.

Kwanza shika simu kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono mwingine kiweke mbele ya sikio, karibu kabisa na tundu lake. Fungua mdomo, funga. Kuna kitu kinacheza chini ya kidole? Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, na hapo ndipo kinapokutana na fuvu. Sasa pandisha kidole hadi kwenye panja, kati ya jicho na sikio, halafu kaza meno. Umesikia nyama inavimba? Msuli huo unaanzia ubavuni mwa kichwa, unapita nyuma ya mfupa wa shavu na kwenda kushika taya. Wanafunzi wa udaktari hukesha wakisoma eneo hili, maana mishipa ya damu na ya fahamu imesongamana humo. Wewe huhitaji kukesha. Jua tu kwamba taya na ubavu wa kichwa ni majirani wa ukuta mmoja.

Taya la chini ni kama mpini wa ndoo: limepinda, na ncha zake mbili zimeshikwa huku na huku, mbele ya masikio. Ukigonga mpini katikati, nguvu inakimbilia kwenye ncha. Ndivyo inavyokuwa mtoto akitua kwa kidevu. Na kwa mtoto mdogo ncha hizo bado ni laini na zina damu nyingi. Zinaweza kuvunjika au kusagika huku nje unaona kidonda cha sentimita mbili tu.

Sasa niwaambie kwa nini naandika.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, aliletwa mtoto wa kama miaka minne. Alikuwa anakimbia kushuka shambani, udongo umelowa, akateleza na kugonga kidevu kwenye jiwe la mfongo. Hakuzimia, hakutapika. Nikasafisha, nikamshona nyuzi tatu. Wakati namalizia, mama yake akaniuliza, "Nesi, mbona kila saa anashika sikio?" Nikamjibu, "Ni kulia tu huko mama, atatulia." Foleni ilikuwa ndefu. Sikumgusa sikio, sikumwambia afungue mdomo.

Mwaka uliofuata nikakutana nao tena. Kovu langu lilikuwa zuri sana, limenyooka, halionekani. Lakini mdomo wa mtoto ulikuwa unafunguka kiasi cha kuingiza ncha ya kijiko. Kiungo cha upande mmoja kilikuwa kimeganda, mfupa umeshikana na mfupa. Mama alikuwa amezoea kumlisha uji na mtori, ng'ande hawezi kutafuna. Meno ya nyuma yameoza kwa sababu mswaki haufiki. Usiku anakoroma. Na kwa kuwa ncha ile ni mojawapo ya sehemu ambazo taya hukulia, uso ulishaanza kwenda upande. Hapo tiba ni upasuaji mkubwa, na hata kumlaza usingizi mtoto asiyefungua mdomo ni kazi nzito.

Yule mama aliona. Mimi mwenye cheti ukutani sikuona.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na wenzangu wa kazi wakinuna wanune: kidevu kilichopasuka kisishonwe tu mtoto akaruhusiwa nyumbani. Agusweni mbele ya masikio yote mawili, afungue mdomo, aume, aangaliwe meno. Ni dakika mbili. Na kama sisi tumesahau, wewe mama tukumbushe. Usiogope kuitwa mjuaji. Sema hivi: "Naomba umwangalie na viungo vya taya." Hilo si tusi kwa mtu yeyote.

Dalili za kumrudisha hospitali, hata kama kidonda kimeshonwa vizuri:

1. Anashika sikio, au analia ukimgusa mbele ya sikio, au pamevimba.
2. Damu inatoka sikioni.
3. Meno hayakutani kama zamani. Mwambie aume, uangalie.
4. Akifungua mdomo, kidevu kinakwenda upande.
5. Mdomo haufunguki vizuri. Kwa kawaida mtoto anaweza kuingiza vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama.

Ukiona lolote katika hayo, mtoto apigwe picha na aonwe na daktari wa kinywa na meno. Kwa huku kwetu, zahanati ikishindwa, omba rufaa kwenda Mawenzi au KCMC. Na usiogope kisu. Watoto wengi wakiwahi hawafanyiwi upasuaji. Wanapewa dawa ya maumivu, chakula laini kwa muda (mtori tunao, hatuna kisingizio), kisha mazoezi ya kufungua mdomo daktari anaposema waanze. Usiyaache kwa huruma. Kiungo kisipocheza ndipo kinapoganda. Na kliniki ya marudio nenda, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Jambo jingine: mdomo unaokaza siku kadhaa baada ya kidonda chochote unaweza kuwa pepopunda. Hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Nenda na kadi ya kliniki ili tuone chanjo zake.

Tupande kidogo, kwenye panja. Hapo mifupa minne ya fuvu inakutana, ni pembamba, na kwa ndani unapita mshipa wa damu. Mtoto akigongwa hapo anaweza kuamka, akacheza, ukadhani yamekwisha, kumbe damu inavuja polepole ndani. Akianza kutapika tena na tena, kusinzia kupita kawaida, kichwa kuzidi kuuma, kupata degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyenzake, au maji kama ya bomba kutoka puani au sikioni, kimbia hospitali. Usimkande kwa maji ya moto, wala bibi asimchue. Na ndiyo, hapo hapo panapoangukia makofi yetu tukikasirika. Tuache.

Mwisho, pikipiki. Mnawapakia watoto mbele, juu ya tenki, mnashuka nao mteremko barabara imelowa. Bodaboda akifunga breki, kinachotangulia kwenye usukani ni kidevu cha mtoto. Hata helmeti ya wazi mbele hailindi kidevu. Kama safari ni fupi, tembea naye. Kama ni ndefu, panda daladala. Najua hela ni ngumu na daladala hazifiki kila kijiji, lakini mtoto asikae kwenye tenki.

Leo usiku, kabla hajalala, mwambie mwanao afungue mdomo na uangalie unavyofunguka akiwa mzima. Ukijua alivyo akiwa mzima, siku akianguka utajua kama kuna kilichobadilika. Nesi mwenye foleni ndefu anaweza asikione.

Mtumie na mama mwenzio. Maswali niandikieni, nitajibu nikitoka zamu.